SOMO LA WANACHAMA: Kipimo Hai cha Kemikali Zinazovuruga Homoni, na Jinsi ya Kusoma Hati Yake

Kila katibu wa chama cha msingi aijua kazi ya urari. Pande mbili zisipolingana, kosa lipo, ila urari hausemi kosa hilo limo katika ukurasa gani wa leja. Zikilingana, bado hapana hakika kamili, kwa kuwa yapo makosa ambayo urari hauyaoni: hati iliyosahauliwa pande zote mbili, au makosa mawili ya kiasi kimoja yaliyofutana. Kwa sababu hiyo mkaguzi hafungi kazi yake kwa kuona urari peke yake.

Somo hili lahusu kipimo cha maabara chenye tabia kama hiyo. Kinaitwa bayosensa, yaani kipimo hai, na mojawapo ya kazi zake ni kugundua kemikali zinazovuruga homoni katika maji, udongo na mazao. Vyama vina sababu ya kukijua. Yapo maghala ya ushirika yaliyowahi kuwekwa dawa za pamba na za kahawa kwa miaka mingi, na baadhi yake yako karibu na visima. Wanunuzi wa ng'ambo nao huuliza juu ya mabaki ya dawa. Hati ya maabara ikifika mezani pa Bodi na kusomwa mbele ya Mkutano Mkuu, yapasa msomaji wake ajue hati hiyo imejibu swali gani, na ni swali gani ambalo haikuulizwa.

HOMONI NA UVURUGAJI WAKE

Homoni ni ujumbe unaotolewa na tezi za mwili, ukasafiri kwa njia ya damu hadi kwenye chembe zinazouhitaji. Chembe hizo zina vipokezi, navyo hupokea homoni kama kitasa kipokeavyo ufunguo wake. Kitasa kikizunguka, kazi huanza: mfupa hurefuka, yai hukomaa, ndevu huota. Kiasi cha homoni kinachotosha kuanzisha kazi hizo ni kidogo mno, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kemikali ya kigeni huweza kuingilia kwa njia mbalimbali. Huenda ikawa ufunguo bandia, ikafungua kitasa wakati usiofaa. Huenda ikaingia kitasani isizunguke, ikamzuia mwenye nyumba. Au huenda isiguse kitasa kamwe, bali ikaharibu utengenezaji wa homoni yenyewe. DDT ni mfano wa njia mbili za kwanza. Dawa hiyo, kama ilivyouzwa, ni mchanganyiko. Sehemu yake moja, iitwayo o,p'-DDT, huiga estrojeni, ambayo ni homoni ya kike, ijapokuwa kwa nguvu ndogo sana. Sehemu kubwa zaidi hugeuka na kuwa DDE, inayokaa muda mrefu katika mafuta ya mwili; na mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba DDE huziba kipokezi cha homoni ya kiume. Jambo hili la DDE likumbukwe, maana litarudi chini. Endosalfani nayo, ambayo wakulima wengi waliijua kwa jina la Thiodan, imo katika orodha ya dawa zinazoshukiwa. Iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm mwaka 2011 ili ikomeshwe, pamoja na misamaha michache ya muda.

Wala isidhaniwe kwamba kila kivurugaji hutoka kiwandani. Katika miaka ya 1940 wafugaji wa Australia ya Magharibi waliona kondoo wao hawashiki mimba; chanzo kilikuwa aina ya klova iliyostawi malishoni, yenye vitu vinavyoiga estrojeni. Soya ina vitu vya jamii hiyo. Mahindi yaliyoingia ukungu wa aina ya Fusarium huweza kuwa na sumu ya zearalenoni, na majike wa nguruwe wakilishwa mahindi hayo huvimba sehemu za uzazi kama wanaotaka dume ingawa bado ni wachanga. Mwanachama mfugaji aliyewahi kuona jambo hilo zizini ameona uvurugaji wa homoni kwa macho yake mwenyewe.

HABARI YA SAMAKI WA UINGEREZA

Faida ya kipimo hai yaonekana vizuri zaidi katika habari ya mito ya Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walionekana huko, katika maji yaliyotoka kwenye mitambo ya kusafishia maji taka, samaki wenye viungo vya uzazi vya kiume na vya kike kwa pamoja. Wataalamu wakaweka samaki dume wa aina ya trauti ndani ya vizimba katika maji kama hayo. Madume hao wakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, kitu ambacho dume hana haja nacho. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1994. Mwaka 1998 utafiti wa mito kadhaa ukaonyesha kwamba hali ya samaki kuchanganya jinsia ilikuwa imeenea sana chini ya mitambo hiyo.

Swali likawa: ni kitu gani katika maji? Maji taka ya mji yana kemikali zisizohesabika, na mkemia huweza kutafuta tu kile alichokwisha kukitaja kwa jina. Ndipo kipimo hai kilipotumika. Maji yaligawanywa mafungu kwa njia za kikemia, na kila fungu likapimwa kwa hamira maalumu inayohisi estrojeni. Fungu lisilotoa ishara liliwekwa kando. Lililotoa ishara liligawanywa tena, hadi likabaki fungu dogo ambalo mashine ya mkemia iliweza kulisoma. Wengi walikuwa wakishuku kemikali za sabuni za viwandani, na katika baadhi ya mito kweli zilikuwamo. Lakini katika maji taka ya majumbani yaliyochunguzwa, matokeo ya mwaka 1998 yalitaja estradioli na estroni, homoni ambazo mwili wa binadamu huzitoa kwa mkojo, pamoja na ethinilestradioli, ambayo ni dawa iliyomo katika vidonge vya kupanga uzazi.

Huko Kanada watafiti walitaka kujua kama kiasi kidogo kama hicho chaweza kudhuru ziwa zima. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2003 walitia ethinilestradioli katika ziwa dogo la majaribio mkoani Ontario, kwa kipimo cha nanogramu 5 hadi 6 kwa kila lita. Ili ukubwa wa kipimo hiki ueleweke: gramu 1 ikichanganywa sawasawa katika mapipa milioni 5 ya lita 200, kila lita hupata nanogramu 1. Kwa kiasi hicho kidogo, samaki wadogo wa ziwa lile, ambao ni chakula cha samaki wakubwa, walikoma kuzaana na karibu wamalizike. Miaka kadhaa baada ya dawa kuachwa, waliongezeka tena. Ni vema kuonya hapa kwamba samaki huishi ndani ya maji hayo usiku na mchana na kuyapitisha mashavuni. Hesabu yake haihamishwi moja kwa moja kwa mtu anywaye lita mbili kwa siku.

KIPIMO HUFANYAJE KAZI

Kipimo hai kina sehemu mbili: sehemu ya uhai inayotambua, na sehemu inayotoa ishara isomekayo. Jambo hili si geni kama linavyosikika. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani walieleza kipimo cha sukari kinachotumia kimeng'enya pamoja na waya wa umeme, na vipimo vya sukari vinavyotumiwa leo na wagonjwa wa kisukari ni wazao wa wazo hilo. Kijikaratasi cha kupimia mimba nacho hutumia kingamwili inayokamata homoni ya mimba katika mkojo, na mstari huonekana.

Kwa kemikali zinazoiga estrojeni, kipimo kinachojulikana zaidi ni cha hamira, ndugu ya ile ile ya mkate. Hamira kwa asili haina kipokezi cha estrojeni. Wataalamu waliitia jeni ya kipokezi cha binadamu, wakaifunga pamoja na jeni ya kimeng'enya kinachogeuza rangi. Kitasa kikifunguliwa, hamira hutoa kimeng'enya hicho, na maji ya manjano hugeuka mekundu. Edwin Routledge na John Sumpter wa Uingereza walikichapisha kipimo cha namna hii mwaka 1996. Hufanyika katika kibao chenye vishimo 96: baadhi ya vishimo hutiwa sampuli, vingine hutiwa estradioli ya kiasi kinachojulikana, na vingine havitiwi kitu. Baada ya siku moja hadi tatu kwenye joto, rangi husomwa kwa mashine. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni za vipimo hivi kwa namba ISO 19040, katika sehemu tatu: mbili kwa aina mbili za hamira, na moja kwa chembe za binadamu.

Vile vishimo vya estradioli inayojulikana ndivyo mawe ya mizani. Jibu la maabara huandikwa kwa kulinganisha nayo, mathalani "nanogramu 2 za estradioli-sawa kwa lita". Maana yake si kwamba estradioli imeonekana. Maana yake ni kwamba vyote vilivyomo katika maji hayo, vyovyote viwavyo, kwa pamoja vimefungua kitasa kwa nguvu iliyo sawa na nanogramu 2 za estradioli.

KINACHOONEKANA NA KISICHOONEKANA

Hapa ndipo makatibu wanaombwa kuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa muuzaji wa vifaa hatasimama sana mahali hapa.

Kipimo cha hamira ya estrojeni huuliza swali moja tu: je, kuna kitu kinachofungua kitasa cha estrojeni? Na uchukuliwe mfano wa chama kitakachoitwa Chama A, chenye ghala la zamani lililowekwa DDT, na kisima hatua chache chini yake. Chama kimepeleka maji, hamira haikubadilika rangi, na hati imeandikwa "hakuna ishara". Wanachama wakifurahi na kurudi kisimani, wamekosea. DDE haitafuti kitasa cha estrojeni; huziba cha homoni ya kiume. Kuiona kwa kipimo hai kunahitaji hamira au chembe za aina nyingine, zenye kipokezi hicho. Hata ile o,p'-DDT inayoiga estrojeni ni dhaifu kuliko estradioli kwa maelfu mengi ya mara, hivyo yaweza kuwamo kwa kiasi kibaya bila kugeuza rangi. Mrututu hauonekani kwa kipimo hiki, wala sumukuvu ya aflatoksini haihesabiwi, wala dawa nyingi za wadudu zinazoshambulia mishipa ya fahamu.

Kinyume chake, na uchukuliwe Chama B, ambacho hakijawahi kuweka dawa yoyote. Maji yake yamegeuza hamira kuwa nyekundu. Uvumi umeenea kwamba kisima kina sumu ya kiwanda, na mnunuzi wa maziwa amesikia. Lakini juu ya kisima lipo zizi la ng'ombe, na ng'ombe mwenye mimba hutoa estrojeni nyingi kwa mkojo na samadi. Choo cha shimo nacho hutoa zake. Ishara ile ni ya kweli, na kisima hakika kinahitaji kulindwa, maana palipopita mkojo hupita na vijidudu vya kuharisha. Ila dawa ya tatizo ni kuhamisha zizi, si kumshitaki mtu.

Yako pia makosa yanayofutana, kama yale ya urari. Maji yakiwa na kitu kinachofungua kitasa na kingine kinachokiziba, hamira huonyesha tofauti tu, na yaweza isionyeshe kitu. Tena maji yakiwa na sumu inayoua hamira, rangi haibadiliki kwa sababu aliyepaswa kuibadilisha amekufa. Kwa hiyo maabara nzuri hupima pia kama hamira imekua. Hati isiyotaja ukuaji wa hamira irudishwe ikakamilishwe, kama irudishwavyo hati ya malipo isiyo na sahihi.

CHUPA

Kosa kubwa huweza kutokea kabla sampuli haijafika maabara. Huko Boston, Ana Soto na Carlos Sonnenschein walikuwa wakikuza chembe za saratani ya matiti ambazo huongezeka zikipata estrojeni. Siku moja chembe ambazo hazikupewa estrojeni zikaanza kuongezeka. Baada ya kutafuta kwa muda mrefu walikuta kwamba mirija yao ya plastiki ilikuwa ikitoa nonilfenoli, kemikali inayoiga homoni hiyo. Walitangaza jambo hilo mwaka 1991. Ikiwa mirija mipya ya maabara iliweza kuwadanganya mabingwa, chupa ya soda iliyookotwa dukani itafanya nini?

Basi chupa iwe ya kioo, iliyosafishwa na kutolewa na maabara yenyewe. Mchukuaji asipake mafuta wala losheni mikononi siku hiyo, na asitumie ndoo ya plastiki kuchotea. Chupa ifunikwe mwanga, iwekwe kwenye barafu, na ifike haraka, kwa kuwa vijidudu vya maji huanza kula homoni njiani. Pamoja nayo iende chupa ya pili, iitwayo chupa shahidi, yenye maji safi kabisa ya maabara, iliyofunguliwa pale pale kisimani na kufungwa, ikasafiri safari ile ile. Chupa shahidi ikitoa ishara, uchafu umetoka katika uchukuaji. Mahali, saa, jina la mchukuaji na mvua iliyonyesha karibuni viandikwe papo hapo, na mjumbe wa Bodi atie sahihi. Sampuli moja haitoshi. Kisima cha masika si kisima cha kiangazi.

LIPI LITANGULIE

Chama chenye ghala lililojulikana kuwekwa dawa fulani hakina haja ya kuanza na kipimo hai. Jina la mshitakiwa liko ndani ya leja ya bidhaa. Kwa hali hiyo itafutwe dawa hiyo kwa jina, kwa mashine ya mkemia. Kwa Tanzania, waendewe Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu au Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Leja za zamani za pembejeo, ambazo makatibu wengine huzichoma kwa kuona hazina faida, ndizo zitakazomwambia mkemia atafute nini. Kipimo hai chafaa pale ambapo jina halijulikani: mto unaopokea maji ya mji, mtaro wa kiwanda, au chakula cha mifugo kilichoota ukungu usiojulikana. Huchuja sampuli nyingi kwa gharama ndogo, kisha zile chache zilizotoa ishara ndizo zinazopelekwa kwenye mashine ya gharama kubwa.

Kwa upande wa mazao ya kuuza, mnunuzi hatakubali estradioli-sawa. Sheria za Umoja wa Ulaya huweka kiwango cha juu kwa kila dawa na kila zao, na pale ambapo hapakuwekwa kiwango maalumu, kiwango cha jumla ni miligramu 0.01 kwa kilo. Mwaka 2008 Japani ilikuta mabaki ya dawa, miongoni mwake lindeni, katika kahawa ya Ethiopia, na biashara baina ya nchi hizo ikapata pigo kubwa. Wakulima wengi wa kahawa huko hawakuwa wakinyunyizia dawa kamwe. Magunia yakawa miongoni mwa vitu vilivyoshukiwa. Kipimo cha hamira kisingetegemewa kuiona lindeni hiyo. Kutenga chumba cha magunia na chumba cha dawa kungefaa zaidi, na hakugharimu chochote ila kufuli ya pili.

Katika miaka ya karibuni vimeonyeshwa vifaa vidogo vya hamira vinavyosomwa kwa kamera. Akija muuzaji wa kifaa cha namna hiyo, aulizwe kimethibitishwa kwa kanuni ipi, chatambua kipokezi gani, na kina mawe ya mizani au hakina. Aulizwe pia kibali, kwa kuwa hamira iliyobadilishwa jeni iko chini ya sheria za usalama wa bioteknolojia. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2009, na Tanzania ina kanuni zake za mwaka huo huo. Si kitu cha kumwagwa nyuma ya ofisi baada ya matumizi.

ZOEZI KWA VIKUNDI VYA MASOMO

Chama kimepokea hati ya maabara kuhusu kipimo cha hamira ya estrojeni, yenye majibu yafuatayo, yote kwa nanogramu za estradioli-sawa kwa lita. Kisima cha ofisi: 0.9. Chupa shahidi: 0.8. Kijito chini ya josho la ng'ombe: 6. Mtaro wa ghala la zamani la dawa: hakuna ishara, hamira haikukua. Kwa kulinganisha, Umoja wa Ulaya mwaka 2022 uliweka nanogramu 1 kwa lita kuwa kiasi cha estradioli cha kuangaliwa katika maji ya kunywa.

Mjumbe mmoja apendekeza kiandikwe katika kumbukumbu kwamba kisima kimekaribia kiwango cha hatari, na kwamba mtaro wa ghala ni salama. Kikundi kijadili kila nusu ya pendekezo hilo, kisha kiandike maneno ambayo katibu angepaswa kuyaingiza katika kumbukumbu kwa kila chupa, na sampuli ambayo ingepelekwa kwa mkemia kwanza.